Ndugu yako akikamatwa akiwa mgonjwa wa akili, usinyamaze

Na Mwandishi Wetu, Musoma

Mbele ya kituo cha polisi cha mji wowote, asubuhi, huwakosi akina mama waliobeba vyombo vya chakula vilivyofungwa kwa kitambaa. Wamekuja kuwaona watoto wao au waume zao waliolala ndani. Wengi husimama kimya. Wakiulizwa hutaja jina la mahabusu, hukabidhi chakula, kisha huondoka. Miongoni mwao huenda yumo mmoja aliyebeba, mbali na ugali na dagaa, habari ambayo ingeweza kuyabadili maisha ya mwanawe: kwamba kijana huyo ni mgonjwa wa akili, kwamba alikwisha kutibiwa, na kwamba dawa zake zimekaa nyumbani bila kuguswa tangu mwezi uliopita. Habari hiyo haitoi. Anaona haya.

Makala haya, ndugu msomaji, yanamhusu mama huyo. Yanamhusu pia kila mmoja wetu, kuanzia hapa Kitaji hadi Bunda na Butiama, kwa sababu ugonjwa wa akili na ulevi haubishi hodi kwa kuchagua nyumba. Sheria za nchi yetu zimeweka njia ya kumtoa mgonjwa mahabusu na kumfikisha kwa daktari. Njia hiyo ni ndefu, nayo ina mashimo yake. Lakini mara nyingi hufunguliwa na ndugu anayesema mapema, na hufungwa na ndugu anayenyamaza.

KIJANA WA MFANO

Tumchukue kijana mmoja wa mfano. Hatumpi jina, kwa kuwa si mtu fulani. Wa namna yake wapo katika kila mji. Ana umri wa miaka 22. Alikuwa akivua dagaa usiku na kuwauza asubuhi pale Mwigobero. Kisha akaanza kubadilika. Kwanza aliacha kuoga. Baadaye akawa anajifungia chumbani mchana kutwa, akijibizana na watu wasioonekana. Akadai kwamba majirani wanamtilia sumu katika maji ya kunywa. Wazazi wake walimpeleka kwa mganga wa kienyeji, kisha kwa mwingine, na ng'ombe wawili wakaisha. Ndipo mzee mmoja wa mtaani akawashauri waende hospitali. Huko alipewa dawa, akatulia, akarudi ziwani. Baada ya miezi mitatu akaziacha dawa zile, kwa kuwa alijiona amepona, na kwa kuwa wenzake walikuwa wakimcheka.

Usiku mmoja zile sauti zikarudi. Zikamwambia kwamba mwenye duka wa jirani ndiye adui yake. Akatoka na panga.

Kituoni kijana huyo hazungumzi. Mara hucheka peke yake. Askari ana mahabusu wengi wa kuwaangalia, naye hakusomea uganga. Anadhani hiyo ni jeuri. Mbele ya hakimu kijana anasomewa shtaka, anaulizwa kama ni kweli, naye anajibu, "Ndiyo." Anajibu hivyo kwa sababu sauti zimemwambia ajibu, au kwa sababu hakuelewa alichoulizwa. Baba yake ameketi benchi la nyuma, kofia mkononi. Anajua kila kitu, wala hasemi neno.

Mambo yakiishia hapo, kijana atakwenda jela kama mhalifu mwingine yeyote. Ndani ya gereza ugonjwa utazidi. Atavunja kanuni ambazo hazielewi, naye ataadhibiwa kwa kuzivunja. Siku atakapotoka atakuwa mgonjwa zaidi ya alivyoingia, na mtaa utakuwa katika hatari kubwa zaidi kuliko mwanzo. Hapo aliyepata faida ni nani? Si mwenye duka aliyejeruhiwa, wala si mzazi, wala si taifa.

KWA NINI TUNANYAMAZA

Sababu za ukimya huu zinafahamika, nasi hatuna budi kuzitaja bila kumcheka mtu.

Ya kwanza ni aibu. Familia huogopa kwamba ikijulikana nyumba yao ina mgonjwa wa akili, mabinti hawataolewa na wavulana watanyimwa wachumba. Ya pili ni imani kwamba kijana amerogwa, kwa hiyo dawa yake haiko hospitali na wala si jambo la kumweleza askari. Ya tatu ni hofu kwamba kusema "ni mgonjwa" ni sawa na kukiri kwamba ametenda kosa. Hofu hiyo haina msingi, kwa kuwa kumweleza askari au hakimu hali ya afya ya mtuhumiwa si kukiri shtaka kwa niaba yake.

Sababu ya nne husemwa kwa nadra, nayo ni uchovu. Familia iliyokesha miaka mitatu na mgonjwa, iliyovunjiwa vyombo, iliyotukanwa na kupigwa, hupumua siku anapokamatwa. Kwa mara ya kwanza watalala usingizi. Hatuwezi kuwalaumu kwa kupumua. Lakini usingizi huo ni wa muda mfupi, na gharama yake atailipa mgonjwa peke yake.

SHERIA INASEMA NINI

Watu wengi hudhani kwamba mtu akitajwa mahakamani kuwa mgonjwa wa akili huachiwa papo hapo akarudi mtaani. Wengine hudhani kinyume chake, kwamba sheria haijali kabisa habari za ugonjwa. Wote wamekosea.

Sheria huuliza maswali mawili tofauti. La kwanza linahusu leo: je, mshtakiwa aliyesimama kizimbani anaweza kuelewa shtaka lake na kujitetea? Kama hawezi, kesi haiendelei. Husimama, naye hupelekwa kutibiwa mpaka atakapopata nafuu ya kuweza kujibu. La pili linahusu siku ya tukio: je, alipotenda kitendo kile, ugonjwa ulikuwa umeishika akili yake kiasi cha kutojua alichokuwa akifanya?

Swali hili la pili lina historia ndefu. Mwaka 1843 mjini London, mtu aliyeitwa Daniel M'Naghten alimpiga risasi na kumwua Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, akidhani ndiye Waziri Mkuu mwenyewe. Aliamini kwamba chama kilichotawala kilikuwa kikimwandama kila aendako. Mahakama ilimwona kuwa hana hatia kwa sababu ya wazimu, naye akawekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili hadi alipokufa mwaka 1865. Uingereza nzima ilipiga kelele. Majaji wakatakiwa kueleza kanuni ya jambo hilo, na maelezo yao yakasafiri pamoja na sheria za kikoloni hadi Afrika Mashariki.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, Sura ya 16, inaanza na dhana kwamba kila mtu ana akili timamu mpaka ithibitike vinginevyo. Kisha inasema kwamba mtu hawajibiki kwa jinai ikiwa, kwa sababu ya ugonjwa ulioathiri akili yake, hakuweza kuelewa alichokuwa akitenda, au hakuweza kutambua kwamba hakupaswa kukitenda. Sheria yetu imekwenda hatua moja zaidi ya wale majaji wa London, kwani inamtambua pia mtu ambaye, kwa ugonjwa huo, hakuwa na uwezo wa kukizuia kitendo chake.

Utaratibu wenyewe umo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985. Mahakama ikiona dalili za ugonjwa inaweza kuahirisha kesi na kuamuru mshtakiwa apelekwe katika hospitali ya akili achunguzwe. Daktari mkuu wa hospitali hiyo hutakiwa kuiletea mahakama taarifa ya maandishi ndani ya siku 42. Katika siku hizo mgonjwa hutazamwa anavyolala, anavyokula, anavyozungumza na wenzake na anavyojibu maswali. Kwa hiyo wanaosema kwamba kila mhalifu atajifanya kichaa wajiulize kama wao wangeweza kuigiza wazimu usiku na mchana, majuma sita, mbele ya watu wanaouona ugonjwa wenyewe kila siku ya kazi yao.

Ikithibitika kwamba alikuwa mgonjwa siku ya tukio, mahakama hutamka kwamba alitenda kitendo kile lakini, kwa sababu ya wazimu, hana hatia ya kosa. Hata hapo haachiwi aende zake. Huamriwa kuwekwa mahali pa usalama, na Waziri anayehusika huarifiwa. Kutoka kwake hutegemea taarifa za madaktari kuhusu hali yake. Katika kesi ya mauaji, tofauti hii ni tofauti ya uhai wenyewe, kwani kwa miaka mingi adhabu iliyowekwa na sheria yetu kwa mwuaji imekuwa ni kunyongwa hadi kufa.

Mshtakiwa wa mauaji hupewa wakili anayelipwa na Serikali. Kwa makosa mengine ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyowatambua pia wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi katika wilaya zetu. Lakini wakili atajuaje kwamba mteja wake aliwahi kulazwa? Mteja mwenyewe hasemi, na pengine hajui kwamba anaumwa. Wa kumweleza ni ndugu.

SAFARI YA DODOMA

Zamani mkazi wa Musoma aliyeshtakiwa kwa kosa zito alitegemea Mahakama Kuu ya Mwanza. Leo Mahakama Kuu ina kanda yake hapa Musoma. Hiyo ni nafuu kubwa kwa ndugu wanaotaka kufuatilia kesi. Lakini katika matibabu ya mahabusu safari bado ni ndefu.

Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1927, na sasa ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Ndani ya himaya yake imo Taasisi ya Isanga, ambayo kazi yake ni kuwapokea wagonjwa wanaoletwa na vyombo vya sheria: wale wanaochunguzwa kwa amri ya mahakama, na wale waliokwisha kuonekana kuwa hawana hatia kwa sababu ya ugonjwa. Kutoka Musoma kwenda huko kwa barabara ya Mwanza, Shinyanga na Singida ni zaidi ya kilomita 800. Mahabusu hawezi kupanda basi peke yake. Anahitaji gari, askari wa kumsindikiza, na nafasi ya kupokelewa.

Hapa lazima tuseme ukweli. Kati ya siku amri inapotolewa na siku mgonjwa anapofika Isanga, miezi inaweza kupita huku akiwa bado gerezani. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopitishwa mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinasema kwamba mtu aliyeonekana kutowajibika kwa sababu ya ugonjwa wa akili hapaswi kuwekwa gerezani, na kwamba mfungwa yeyote anastahili matibabu sawa na yale yanayopatikana uraiani. Kati ya maneno hayo na hali ilivyo ipo kazi kubwa, katika nchi yetu na katika nchi nyingine nyingi. Ndugu wanaofika mahakamani kila kesi inapotajwa, wanaouliza kwa heshima ile amri imefikia wapi, huisaidia kazi hiyo kusonga. Jalada lisiloulizwa hukaa chini ya mengine.

Wala si lazima tiba yote ingoje Dodoma. Mahabusu akiugua anaweza kupelekwa katika hospitali iliyo karibu chini ya ulinzi. Mkoa wetu una Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, ambayo ujenzi wake ulianza miaka ya 1970 na wengi wetu tulikua tukiyatazama magofu yake. Kanda ya Ziwa ina Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971. Mgonjwa aliyekwisha kuanza dawa, akipewa dawa hizo hizo mahabusu, anaweza kutulia ndani ya majuma machache. Akizikosa, atarudi nyuma.

POMBE, BANGI NA UNGA

Sasa tuje kwenye jambo linalojaza mahabusu kuliko wazimu wenyewe. Mkoa wa Mara una pombe za kienyeji za kila aina, na gongo hupikwa ingawa sheria imeikataza tangu zamani. Upande wa Tarime vyombo vya dola vimeteketeza mashamba ya bangi mara nyingi. Mirungi, ambayo kwa majirani zetu wa Kenya ni zao halali, kwetu ni marufuku, nayo huvushwa mpakani.

Kwa upande wa sheria, ulevi kwa kawaida si utetezi. Aliyekunywa kwa hiari yake akampiga mwenzake atajibu kama mtu mwingine. Sheria inamtazama tofauti mtu aliyeleweshwa bila ridhaa yake kwa hila au uzembe wa mwingine, na yule ambaye ulevi umemtia wazimu, hata kama ni wazimu wa muda. Kwa hiyo hapa pia taarifa ya daktari ina uzito.

Lakini ipo hatari nyingine ambayo kila familia inapaswa kuijua. Ni siku tatu au nne za kwanza mahabusu. Mtu aliyezoea kunywa pombe kali kila siku kwa miaka mingi, akiikosa ghafla, mwili wake huasi. Kati ya saa sita na saa ishirini na nne tangu kinywaji cha mwisho, mikono huanza kutetemeka, jasho humtoka, usingizi humkimbia. Ndani ya siku mbili anaweza kushikwa na degedege. Siku ya tatu au ya nne anaweza kuweweseka, akaona wadudu ukutani, asijue yuko wapi. Hali hii inaweza kuua. Askari anayemwona anaweza kudhani ana wazimu, au anajifanya. Ni ugonjwa wa hospitali, na tiba yake inajulikana: dawa za kutuliza kama diazepam, vitamini B1 na maji ya kutosha, chini ya uangalizi wa mganga.

Kwa hiyo, mama, mumeo mlevi wa miaka kumi akikamatwa, usifurahi tu kwamba "sasa atakoma." Mwambie mkuu wa kituo: "Huyu hunywa kila siku, na alipowahi kuacha alianguka." Sentensi hiyo moja inaweza kumwokoa.

Kumbuka pia kwamba si kila anayeweweseka ni mlevi au mwendawazimu. Malaria iliyopanda kichwani, kifafa, na sukari kushuka kwa mgonjwa wa kisukari huweza kumfanya mtu aongee ovyo na kupigana. Hayo nayo humalizika kwa tiba, wala hayamaliziki kwa kipigo.

Kuhusu bangi, wazee husema inatia wazimu na vijana husema ni majani tu. Ukweli uko katikati. Si kila mvutaji atapata wazimu. Lakini anayeanza akiwa mdogo, anayevuta kwa wingi kila siku, na hasa yule ambaye katika ukoo wake yumo mgonjwa wa akili, hujiongezea hatari ya kupata ugonjwa unaomfanya asikie sauti na kuwashuku watu. Kwa hiyo kijana akiletwa kituoni akiwa amechanganyikiwa, jibu la "amevuta tu" lisifunge mlango. Huenda bangi imeamsha ugonjwa uliokuwa umelala, au huenda alianza kuvuta ili kuzinyamazisha sauti alizokwisha kuzisikia.

Kwa watumiaji wa heroini, yaani unga, nchi yetu ilianza tiba ya methadoni katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, na baadaye huduma hiyo ikafika mikoa mingine, ikiwamo Mwanza. Mgonjwa hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Dawa huondoa maumivu ya kukosa unga, naye huweza kufanya kazi. Mtu huyo akikamatwa na kukosa dozi kwa siku kadhaa, hawezi kuirudia dozi ile ile kwa ghafla, kwani inaweza kumdhuru. Daktari humwanzishia upya kwa kiasi kidogo. Hapa tena, wa kwanza kupiga hodi kliniki na kusema "fulani yuko mahabusu" ni ndugu.

UFANYE NINI

Ndugu yako akikamatwa, na unajua au unashuku kwamba anaumwa akili au ametawaliwa na ulevi, fanya haya.

Kwanza, nenda kituoni siku ile ile. Omba kuonana na mkuu wa kituo, mweleze kwa ufupi: anaumwa nini, tangu lini, alitibiwa wapi, anakunywa dawa gani. Sheria inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, kwa hiyo muda wako ni mfupi.

Pili, chukua daftari la kliniki, vyeti vya hospitali na makopo ya dawa. Peleka nakala na ubaki na halisi. Kama hakuwahi kufika hospitali, mwombe mwenyekiti wa mtaa na majirani wawili watatu walioiona hali yake waandike waliyoyaona, kwa tarehe. Mashahidi walioona mabadiliko kabla ya tukio wana uzito kuliko ndugu wanaozungumza baada ya tukio.

Tatu, mahakamani usikae benchi la nyuma. Kabla kesi haijaitwa, mwone karani au mwendesha mashtaka umweleze. Kama kuna wakili, mwone yeye kwanza. Kama hakuna, tafuta msaidizi wa kisheria wa wilaya.

Nne, usidanganye. Usiseme alikuwa mgonjwa kama hakuwa. Uongo wako ukifichuka kwa daktari utamharibia hata mgonjwa wa kweli wa nyumba nyingine atakayekuja baada yako.

Tano, mtembelee. Mgonjwa anayetembelewa hujulikana kwa jina na wahudumu, na mabadiliko yake huonekana mapema.

Na lililo bora kuliko yote ni kutosubiri panga litoke. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa mgonjwa kupokelewa hospitalini hata kama mwenyewe hakubali, na ndugu ana nafasi katika utaratibu huo. Anayesikia sauti na kutaja jina la jirani kwamba ni adui anapaswa kufika kwa daktari juma hilo hilo.

KURUDI NYUMBANI

Tumeizungumza njia ya kwenda. Ipo na ya kurudi, nayo ndiyo ngumu zaidi.

Kwa miaka mingi wahudumu wa Mirembe wamekuwa wakieleza jambo moja la kusikitisha. Wapo wagonjwa waliopata nafuu, ambao madaktari wanaona wanaweza kurudi kwao, lakini hawana wa kuwapokea. Ndugu walitoa anuani ambazo hazipatikani, au walihama, au hujibu kwamba mtu huyo wao walikwisha kumzika mioyoni. Hivyo mtu aliyepona huendelea kukaa kitandani kinachomngoja mgonjwa mwingine, pengine yule kijana wa Mwigobero anayesubiri gerezani nafasi ya kusafirishwa. Ukimya wa nyumba moja Bunda unaweza kumfungia mlango mgonjwa wa Butiama.

Hatusemi kwamba kumpokea ni rahisi. Katika kesi nyingi za namna hii aliyeumizwa au kuuawa ni mtu wa karibu: mke, mama, mtoto, jirani. Nyumba inayotakiwa kumpokea aliyetenda ndiyo hiyo hiyo yenye kaburi uani. Huzuni hiyo ina haki yake, na mwenye kuomboleza asilazimishwe kusahau kwa sababu daktari ameandika barua. Lakini wazee wetu wa Mara wanajua kukaa kikao. Waiteni pande zote mbili kabla mgonjwa hajarudi. Semeni wazi kilichotokea na ugonjwa ulivyokuwa. Amueni atakaa wapi, kwani si lazima iwe nyumba ile ile. Pengine kwa mjomba, pengine kwa shangazi wa kijiji kingine. Amueni nani atasimamia dawa zake. Aliyepona akirudi kwa kushtukiza huamsha hofu, na hofu huamsha fimbo.

Nchi hii iliwahi kulifikiria jambo hili kwa upana. Baada ya Uhuru vilianzishwa vijiji vya kilimo kwa ajili ya wagonjwa wa akili waliopata nafuu, kama Hombolo karibu na Dodoma na Vikuruti karibu na Dar es Salaam. Wagonjwa walilima, walifuga, na waliishi karibu na wanakijiji wa kawaida. Fikra yake ilikuwa kwamba kazi na ujirani ni sehemu ya dawa. Fikra hiyo haijazeeka. Aliyerudi kutoka Isanga akipewa kipande cha shamba, au nafasi ya kuanika dagaa pamoja na wengine, hupona vizuri kuliko anayefungiwa chumbani na kuletewa chakula mlangoni kama mahabusu wa nyumbani.

Dawa zake zisikatike. Yule kijana wetu wa mfano alianguka kwa sababu aliziacha akiwa amepata nafuu. Kwa wanaosahau au kukataa vidonge zipo sindano zinazochomwa mara moja kwa majuma kadhaa, muulize daktari. Dalili za kurudi kwa ugonjwa mara nyingi huanza kwa usingizi kupungua na mtu kujitenga. Mzione mapema, mumrudishe kliniki, na askari hatahitajika tena.

Ndugu msomaji, hakuna familia inayochagua ugonjwa huu. Lakini kila familia huchagua kusema au kunyamaza. Polisi wanaweza kumlinda, mahakama inaweza kuamuru achunguzwe, na madaktari wa Dodoma wanaweza kumtibu. Wa kutangulia kuwaambia kwamba anaumwa ni wewe, na siku atakapopona, atakayetazamiwa pale lango la hospitali ni wewe vilevile.